Sumu Inayovuruga Uzazi wa Ndege



Neno sumu linapotajwa, mtu wa pwani hufikiria kitu kinachoua papo hapo. Mvuvi wa zamani aliponda majani ya utupa, akayatia katika dimbwi lililoachwa na maji ya kupwa, na baada ya muda mfupi samaki walikuwa juu ya maji, matumbo yamegeuka. Sumu ya namna hiyo hujitangaza yenyewe, wala haihitaji mtaalamu wa kueleza kwamba jambo limetokea. Mazungumzo haya yanahusu sumu ya namna nyingine. Kwa kiasi kidogo kinachopatikana katika chakula, sumu hii haimwui ndege aliyekwisha kukua. Humwacha akiruka, akila na akijenga kiota kama kawaida yake, ila humharibia jambo moja, nalo ni kuzaa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kisiwani Pemba. Mkondo unaoitenga Pemba na pwani ya Tanga una kina cha mamia ya mita. Katika zama ambazo bahari ilishuka na Unguja ikaungana na bara, Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo maana wako ndege wa aina nne ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo wa rangi ya manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wataalamu walimpa jina la Vaughan, ofisa wa kikoloni aliyeandika habari za ndege wa visiwa hivi mwishoni mwa miaka ya 1920. (Kwamba ndege aliyeishi hapa maelfu kwa maelfu ya miaka apewe jina la mtu aliyepita kwa miaka michache ni desturi ya wakati ule, na leo si siku ya kuigombea.) Shakwe akitoweka katika ufuko mmoja wa Ulaya, shakwe wengine watakuja kutoka ufuko wa pili. Bundi wa Pemba akitoweka Pemba, ametoweka duniani.

Bundi huyo huishi katika msitu wa Ngezi, lakini huishi pia katika mashamba ya mikarafuu mikongwe yenye matundu. Chakula chake ni wadudu. Usiku dume huita kwa sauti moja fupi, na jike humjibu kwa sauti ya juu zaidi, wakawa wanapokezana. Wako watu ambao bado huihesabu sauti hiyo kuwa ni uchuro, wakamrushia mawe mwenyewe. Kumbe yule ni jirani anayekula wadudu bure, tena usiku kucha, bila ya kuidai Serikali posho.

Ili kufahamu namna sumu hii inavyofanya kazi, hapana budi kwanza kufahamu namna ndege anavyojua kwamba wakati wa kuzaa umefika. Katika nchi za kaskazini, ndege huongozwa na kurefuka kwa mchana wa majira ya kuchipua. Pemba iko karibu nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta, na mchana wake hauzidi wala haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Hapa mvua za masika na za vuli, pamoja na wingi wa chakula unaofuatana nazo, zina nafasi kubwa zaidi. Dalili hizo hufika katika ubongo, ubongo huiamrisha tezi ndogo iliyo chini yake, na tezi hiyo humwaga katika damu vichocheo ambavyo wataalamu huviita homoni. Vichocheo hivyo huziamsha kokwa za dume na ovari ya jike. Kutokana na hapo hutoka vichocheo vingine vinavyomfanya dume aimbe, jike achague, wote wawili wajenge, na baadaye waatamie kwa zamu. Kila jambo analolifanya ndege katika msimu wa kuzaa lina kichocheo chake, na kichocheo chenyewe ni kidogo mno. Kiasi kisichoonekana kwa jicho hutosha kumgeuza mnyama mzima.

Hapo ndipo penye hatari. Mwili hukitambua kichocheo kwa umbo lake, kama kitasa kinavyoutambua ufunguo. Zipo dawa zilizotengenezwa viwandani ambazo umbo lake limekaribiana na vichocheo vya mwili. Dawa hizo huingia katika kitasa kile kile. Nyingine hukifungua wakati usiopasa, na nyingine hukiziba ufunguo wa haki usiweze kuingia. Ndege haugui, wala hana homa au jeraha. Amepokea amri ya uongo, naye ameitii.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa DDT, dawa ambayo wazee wa Pemba waliifahamu majumbani mwao.

Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Katika Unguja na Pemba, kampeni ya kufuta malaria kwa kupuliza dawa majumbani iliendeshwa kuanzia mwaka 1958 hadi 1968 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Kipimo cha kawaida cha kazi hiyo ni gramu 2 za DDT kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta. Nyumba za udongo na za mawe zilipulizwa ndani, na malaria iliyokuwa imeenea kwa wengi wa watoto ilishuka sana. Kazi iliposimamishwa, malaria ilirudi. Katika miaka ya 1980 DDT ilipulizwa tena kwa msaada wa Marekani, na safari hiyo wataalamu waligundua kwamba mbu walikuwa wamekwisha kuizoea. Kampeni iliyoanza mwaka 2006, ambayo pamoja na vyandarua na dawa mpya za kutibu imeishusha malaria ya Zanzibar hadi karibu na asilimia 1, ilitumia dawa za jamii nyingine kabisa.

Lazima isemwe wazi kwamba waliopuliza DDT majumbani hawakufanya kosa. Waliokoa maisha ya watoto, na asiyekubali hilo hajawahi kuona mtoto akitetemeka kwa homa usiku wa manane ilhali hospitali iko Chake Chake na gari haipo. Jambo lenyewe ni kwamba dawa haikuishia ukutani.

DDT haiyeyuki katika maji, lakini huyeyuka katika mafuta. Mdudu aliyekufa ukutani huanguka, akaliwa na mjusi au kuku. Vumbi la ukuta hufagiliwa uani, mvua ikalichukua hadi bondeni kwenye mpunga, na kutoka huko hadi katika mikoko. Kila anayekula huhifadhi dawa hiyo katika mafuta ya mwili wake na haitoki, hivi kwamba anayemla yeye hupokea mkusanyiko wa wote walioliwa kabla yake. Watafiti waliopima ghuba moja ya New York mwaka 1967 walikuta sehemu 0.04 za DDT katika milioni kwenye viumbe vidogo vinavyoelea majini. Katika mwili wa shakwe, aliye mwisho wa mnyororo huo huo, walikuta sehemu 75. Hilo ni ongezeko la karibu mara 1,900, na hapana mtu aliyempulizia shakwe dawa.

Ndani ya mwili DDT hugeuka kuwa DDE, ambayo hudumu zaidi ya mama yake. Hapo linaanza jambo la yai. Ganda la yai la kuku hutengenezwa kwa muda wa saa 20 hivi, ndani ya tezi maalumu ya jike, kwa chokaa inayochotwa katika damu. DDE huzuia upitaji wa chokaa hiyo kutoka katika damu hadi kwenye ganda. Yai hutoka likiwa na sura yake, rangi yake na kiini chake, ila ganda ni jembamba. Mama huliatamia kwa mapenzi yake yote, na uzito wake mwenyewe hulivunja.

Aliyelithibitisha jambo hili ni Mwingereza Derek Ratcliffe mwaka 1967. Kozi wa Uingereza walikuwa wakipungua na kuvunja mayai yao wenyewe, na hapana aliyejua sababu. Ratcliffe akaenda kwenye makabati ya makumbusho na ya watu waliokusanya mayai kwa miongo mingi, akayapima moja moja. Akakuta kwamba tangu mwaka 1947 hivi, baada ya DDT kuanza kutumika mashambani, maganda yalikuwa yamepungua uzito kwa karibu asilimia 20. Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa cha California, mwari walijenga viota 552 na wakapata kinda mmoja. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata mwari wale na kozi walirudi.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi, hata wasomi. Mwananchi akiambiwa habari hizi hujibu: "Mbona kuku wangu waliishi katika nyumba iliyopulizwa na mayai yao yalikuwa mazima?" Anasema kweli. Kuku hustahimili DDE, na maganda yake hayapungui kwa kiasi cha maana. Wanaodhurika ni kozi, kipanga, tai, mwari na kulastara, yaani ndege wanaokula nyama na samaki. Kuku si kipimo cha bundi. Tena uzima wa ganda la kuku hauna maana kwamba ndani hamna kitu: katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, ambako DDT ilirudishwa majumbani mwaka 2000 baada ya malaria kulipuka upya, kuku wa nyumba zilizopulizwa walikutwa na dawa hiyo katika nyama na katika mayai yanayoliwa na watoto. Katika jimbo hilo hilo maganda ya mayai ya kulastara yalikutwa yamepungua unene kwa karibu theluthi moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kulastara kilikuwa ndani ya samaki wake.

Ganda ni sehemu tu ya habari, na pengine si sehemu ya kutisha zaidi. Walimu wa bayolojia wanajua kwamba katika binadamu mwenye kromosomu mbili zisizofanana ni mwanamume. Kwa ndege mambo yamegeuka: mwenye mbili zisizofanana ni jike, na kiinitete kisipopata estrojeni, kichocheo cha kike, huelekea kuwa dume. Basi kiini cha yai kikiwa na dawa inayoiga estrojeni, dume aliye ndani huanza kujengwa kama jike. Mwaka 1981 watafiti wa California walitia DDT ndani ya mayai ya shakwe, kwa kiasi kile kile kilichokuwa kikipatikana katika mayai ya porini, na wakaona kokwa za makinda madume zimeota tishu za ovari. Walifanya hivyo kwa sababu katika visiwa vya huko walikuwa wamekwisha kuona ajabu nyingine: viota vyenye mayai mengi kuliko kawaida, vinavyolelewa na majike wawili wawili. Madume yenye uwezo wa kuzaa yalikuwa machache.

Tabia nayo huharibika hata pale ambapo mwili hauoneshi kasoro yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shakwe wa Ziwa Ontario, lililojaa takataka za viwanda, walikuwa wakiangua makinda wachache mno. Watafiti waliweka katika viota mayai ya bandia yenye vyombo vya kupimia, na vyombo vikasema kwamba wazazi walikuwa wakiondoka na kuyaacha mayai yapoe kwa muda mrefu kuliko shakwe wa mahali safi. Walikuwa wamepoteza subira ya kuatamia. Yai zima lililoachwa likapoa huwa viza sawasawa na yai lililovunjika.

Mfano wa kwezi wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2008, unastahili kufikiriwa kwa makini zaidi, kwa kuwa unavunja fikra kwamba sumu daima huonekana kwa udhaifu. Kwezi hao hula wadudu katika mitambo ya kusafishia maji machafu ya miji, na wadudu wale wana estrojeni zinazotoka katika maji ya vyoo pamoja na dawa zinazotumika kutengenezea plastiki. Madume waliolishwa dawa hizo kwa kiasi hicho hicho waliimba nyimbo ndefu zaidi na zenye mapambo zaidi kuliko wenzao, na sehemu ya ubongo inayosimamia uimbaji ilikuwa imekua. Majike waliwapendelea hao. Wakati huo huo kinga yao ya mwili dhidi ya maradhi ilikuwa imepungua. Wimbo ambao kwa maumbile ulikuwa ushahidi wa siha ya dume ukawa ushahidi wa uongo, na jike aliyechagua kwa uangalifu akachagua vibaya. Mpita njia angemsikia kwezi yule angesema mazingira ni mazuri kabisa.

Mambo haya yote si ya ng'ambo pekee. Katika Ziwa Kariba, baina ya Zambia na Zimbabwe, mayai ya tai mla samaki yalikutwa na DDT iliyotokana na vita dhidi ya mbung'o, na maganda yake yamepungua unene. Tanzania yenyewe ina Vikuge, karibu na Kibaha. Mwaka 1986 shamba la Serikali la hapo lilipokea kutoka Ugiriki, kwa jina la msaada, kilo 170,000 za dawa za kuua wadudu, na sehemu yake ilikuwa imekwisha muda. Dawa hizo ziliwekwa katika banda la wazi, banda likaanguka, na dawa zikaingia ardhini. Wapimaji walipochukua udongo wa mahali pale walikuta sampuli ambayo zaidi ya robo ya uzito wake ilikuwa DDT. Msaada wa namna hiyo unastahili kuitwa kwa jina lake: ni mtu kumtupia jirani takataka zake, kisha kusubiri shukurani. Huko Unguja, katika bonde la Mahonda hadi Makoba, ambako miwa na mpunga vimelimwa kwa dawa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuta mabaki ya DDT katika maji na matope.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, mkataba unaozuia sumu zinazodumu, na kuiruhusu DDT kwa ajili ya maradhi yanayoenezwa na wadudu tu. Lakini DDT ni moja. Mafuta ya transfoma za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, huweza kuwa na kemikali za jamii ya PCB, zinazovuruga vichocheo vya tezi ya shingo. Katika Afrika Mashariki wamekamatwa watu walioyaiba mafuta ya transfoma wakayauza kwa kukaangia. Plastiki inayochomwa jaani, hasa ile ya mabomba na nyaya, hutoa dioksini. Madumu ya dawa za mashambani husuuzwa mtoni, kisha yakatumika kwa maji ya kunywa. Hayo yote ni mambo ya shehia, wala hayangojei mkutano wa Geneva.

Mtumishi mwenye dhamana ya ghala ana kazi inayomhusu moja kwa moja. Dawa iliyokwisha muda na kusahauliwa nyuma ya magunia ni hatari kuliko inayotumika, kwa sababu inayotumika ina mtu anayeiangalia. Iandikwe katika daftari: jina, kiasi, mwaka wa kuingia, mwaka wa kwisha. Isizikwe, isichomwe, isimwagwe. Orodha ipelekwe kwa wanaohusika ili iondolewe pamoja na nyingine. Transfoma kuukuu nayo isiuzwe kwa chuma chakavu kabla mafuta yake hayajapimwa. Zipo ofisi ambamo kazi hii itaonekana kuwa ndogo, isiyopandisha cheo, na kweli haitampandisha mtu cheo.

Mwalimu ana kazi nyingine. Ratcliffe hakuwa na mtambo wa ajabu. Alitumia mizani nyepesi na kipimo cha urefu, na hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari: uzito wa ganda tupu lililokauka, kwa miligramu, ugawanywe kwa zao la urefu na upana wa yai, kwa milimita. Ganda la kuku lenye miligramu 5,500, la yai lenye urefu wa milimita 55 na upana wa milimita 42, hutoa 2.4 hivi. Namba hiyo ikipungua mwaka hadi mwaka kwa ndege wa aina moja, ganda linakuwa jembamba. Mayai ya kupimwa yawe viza yaliyoachwa na wazazi baada ya msimu kupita, wala pasiguswe yai linaloatamiwa; na ndani ya Ngezi au Misali pasifanywe lolote bila ya ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi. Kila ganda liandikiwe mahali lilipookotwa, tarehe na aina ya ndege, kisha lihifadhiwe katika kabati la skuli hata kama mwaka huu hapana wa kulisoma, maana makabati ya mayai yaliyosahauliwa ndiyo yaliyojibu swali la kozi. Wanafunzi waanze na mayai ya kuku, ambayo hayana hasara yakivunjika mkononi, wapate kuzoea kutoboa, kukausha na kupima kabla ya kulishika yai la kulastara lililookotwa mikokoni, ambalo halina la pili.